Kuchangisha pesa za gemu ya pili: mwongozo kutoka kuchagua mandhari hadi kukabidhi

Maswali ni yale yale. "Gemu yangu ya kwanza imependwa, watu wanaulizia ya pili, nichangishe vipi?" "Niombe dola ngapi?" "Hadithi iendelee mahali pale pale au nihame?" Nimeyajibu mara nyingi mpaka majibu yangu yameanza kufanana neno kwa neno, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja.

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja au timu ndogo iliyokwisha kutoa gemu, hata kama haikuuza sana. Kama hujatoa hata moja, malizia hiyo kwanza. Anayechangia mwendelezo anakupa pesa kwa sababu alishakuona ukimaliza kazi. Wazo zuri kila mtu analo.

Kuna jambo moja ulishike tangu sasa, maana hatua karibu zote zitalirudia: mandhari ya gemu ya pili ndiyo inayovuta pesa, na ndiyo hiyo hiyo inayozila. Anayesema "safari hii tunakwenda baharini" amekwisha kupanga bajeti bila kujua.

Kabla hujaanza

Usifungue ukurasa wa kuchangisha kabla hivi havijawa mezani:

- Mkataba au hati inayoonyesha kwamba jina, wahusika na dunia ya gemu ya kwanza ni mali yako.
- Kipande cha gemu ya pili kinachochezeka, hata kiwe cha dakika kumi.
- Orodha ya barua pepe za waliocheza ya kwanza. Wafuasi wa mitandao ya kijamii ni wazuri kwa kelele, lakini barua pepe ndiyo inayomfanya mtu atoe kadi yake ya benki.
- Akaunti ya benki, na biashara ikihitajika, katika nchi ambayo jukwaa linaikubali. Kickstarter, tovuti ambako watu wengi huchangia miradi, hupokea miradi kutoka nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Angalia hili leo. Inauma kuandaa kampeni miezi mitatu halafu ufike kwenye fomu ukute nchi yako haipo.
- Mtu wa pili wa kujibu maswali wakati wa kampeni. Wewe utakuwa na gemu ya kutengeneza na usingizi wa kutafuta.
- Daftari la hesabu, la karatasi au la kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali si yako.

Hatua ya 1: Hakikisha dunia ya gemu ni yako

Soma mkataba wa gemu ya kwanza polepole. Kama ilitolewa na mchapishaji (kampuni inayotoa na kuuza gemu za wengine), tafuta vifungu vinavyotaja jina, wahusika, muziki na miendelezo. Mara nyingi utakuta mchapishaji ana haki ya kuulizwa kwanza kabla hujampelekea mtu mwingine gemu ya pili. Kama ulijichapishia mwenyewe, hatari iko kwa marafiki: yule aliyekuchorea mhusika mkuu bila mkataba bado ana haki juu ya mchoro wake. Mwandikishane sasa, wakati hakuna pesa ya kugombania. Pesa zikishaingia, mazungumzo hayo hubadilika sura.

Wakubwa nao yamewakuta. Kampuni ya Interplay ilitengeneza gemu ya Wasteland mwaka 1988, lakini jina likabaki mikononi mwa mchapishaji wake, Electronic Arts. Walipotaka kurudi kwenye dunia ya aina ile ikabidi wabuni nyingine, na ndivyo Fallout ilivyozaliwa mwaka 1997. Wasteland 2 yenyewe ilitoka mwaka 2014, miaka 26 baada ya ya kwanza, kwa pesa za wachangiaji.

Ukilikosa jina, bado kuna njia ambayo wachezaji wameizoea: gemu yenye damu ya ile ya zamani lakini jina na dunia nyingine. Koji Igarashi, baada ya miaka mingi ya kutengeneza gemu za Castlevania kwa kampuni ya Konami, alichangisha pesa za gemu yake mpya, Bloodstained, mwaka 2015. Watengenezaji wa Torment: Tides of Numenera nao walipata jina la Torment kutoka gemu ya zamani, Planescape: Torment, lakini mji wa Sigil na dunia yake ya Planescape haukuwa wao, hivyo wakahamia dunia ya Numenera.

Onyo: ukienda njia hiyo, usiandike kwenye ukurasa wako kwamba gemu ni "mwendelezo wa" jina usilolimiliki. Sema wewe ni nani, ulifanya nini kwenye ile ya zamani, na mpya inacheza vipi. Wachezaji wataelewa wenyewe.

Hatua ya 2: Amua nini kinabaki na nini kinahama

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Chukua karatasi, igawe sehemu tatu: kinabaki, kinahama, kinaachwa. Katika "kinabaki" andika vile ambavyo mchezaji akivikosa atasema hii si gemu ile. Kwa kawaida havizidi vitano, na mara chache mahali ni kimojawapo. Huwa ni namna ya kupigana, au ucheshi wa mazungumzo, au ule upweke unaousikia ukiwa peke yako kwenye ramani.

Kisha chagua njia ya kuhama. Kuna kadhaa zilizokwisha kujaribiwa.

Ya kwanza, na ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza, ni kubaki na mitambo ile ile na kuhamisha mji. Shadowrun Returns ilichangishwa mwaka 2012 na hadithi yake ilikuwa Seattle. Iliyofuata, Dragonfall, ikaenda Berlin. Mwaka 2015 wakaja na Shadowrun: Hong Kong, wakaomba dola 100,000 tu kwa sababu injini (programu inayoendesha gemu), menyu na mfumo wa mapigano vilikuwa tayari. Walipata takriban dola milioni 1.2, na gemu ikatoka Agosti ya mwaka huo huo. Hebu fikiria: kampeni Januari, gemu Agosti. Hiyo haitokei unapoanza kila kitu upya.

Ya pili ni kubadilisha hali ya hewa. Wasteland 2 inaanzia kwenye jangwa la Arizona, na Wasteland 3 ikawapeleka askari wale wale wa jangwani kwenye theluji ya Colorado. Wazo hilo linaeleweka kwa picha moja, bila maneno, na kwenye kampeni picha inayojieleza ni dhahabu.

Ya tatu ni kusogeza wakati. Divinity: Original Sin II imebaki katika dunia ya Rivellon, ila karne nyingi baadaye. Mchezaji mpya haoni aibu ya kutojua yaliyopita, na wa zamani anaokota majina anayoyafahamu njiani.

Ya nne ni kuendelea pale pale hadithi ilipokatika. Shenmue III ilitoka mwaka 2019 na kuanza pale Shenmue II ilipoishia mwaka 2001. Wapenzi wa zamani waliilipia, zaidi ya dola milioni 6.3. Lakini mgeni anayeingia hapo ni kama mtu aliyefika msibani bila kumjua marehemu. Njia hii ichague tu kama una umati wa watu wanaolilia mwisho wa hadithi, na uwe umewahesabu.

Ukishachagua njia, pima gharama kwa onyesho moja dogo. Tuseme katika gemu ya kwanza mhusika wako anashuka ngazi, anavuka uwanja wa mchanga, anaingia ndani ya nyumba. Kila kitu kipo: ukuta, mlango, sauti ya nyayo. Sasa peleka onyesho hilo hilo kwenye theluji. Nyayo zinataka sauti mpya. Mguu ukizama lazima uache alama, na alama lazima ifutike baada ya muda la sivyo kompyuta dhaifu italemewa. Pumzi inatoka na mvuke. Nguo za zamani zinaonekana kichekesho, kwa hiyo koti, na koti lina pindo linalopaswa kupepea. Halafu mwanga: theluji huakisi, na vitu vyote ulivyovipaka rangi kwa ajili ya jua kali vinaonekana kama vimebandikwa juu ya karatasi. Andika kila kimoja na idadi ya siku za kukitengeneza. Onyesho la sekunde ishirini laweza kukuletea wiki tano za kazi. Zidisha kwa idadi ya maonyesho, na usishangae ukiamua kubaki mchangani.

Onyo: hamisha kitu kikubwa kimoja tu. Mahali pakihama, mfumo wa mapigano ubaki. Mfumo ukibadilika, mahali pabaki. Wengi sifa za gemu ya kwanza huwalevya wakabadilisha vyote kwa pamoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hatua ya 3: Tengeneza kipande kimoja kinachochezeka

Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha, lakini ziwe za mahali papya. Kosa linalojirudia ni watu kuonyesha ramani ya gemu ya kwanza yenye silaha mpya. Mchangiaji hapo hana cha kutamani. Kipande kiwe na mwanzo, pambano au fumbo moja, na kiishe mahali ambapo mchezaji anaona kwa mbali asikoweza kufika bado.

Wape watu watano wasiokufahamu wakicheze mbele yako na wewe ukae kimya. Pale wanapokwama ndipo pa kutengeneza kabla ya trela, yaani video fupi ya kuitangaza gemu.

Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha ipige tena

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, tena zile zilizofanikiwa. Tuchukue mfano wa kubuni: timu ya watu wanne, miezi 18, kila mtu dola 2,500 kwa mwezi.

1. Mishahara: 4 × 18 × 2,500 = dola 180,000.
2. Muziki, tafsiri, majaribio na leseni za programu: tuseme 25,000. Jumla 205,000.
3. Akiba ya dharura, asilimia 20: 41,000. Jumla 246,000. Hiki ndicho kiasi ambacho gemu inahitaji mkononi.
4. Sasa toa vinavyokatwa njiani. Jukwaa kama Kickstarter hukata asilimia 5, na malipo ya kadi hukata asilimia nyingine 3 hadi 5. Baadhi ya kadi zitagoma. Zawadi nazo zina gharama yake. Kwa ujumla panga kwamba asilimia 20 haitakufikia.
5. Gawanya: 246,000 ÷ 0.8 = dola 307,500. Hilo ndilo lengo la kuandika.

Anayeanza huandika 180,000, kwa sababu aliishia kwenye mstari wa kwanza. Akizipata zote, zinazomfikia ni 144,000, na mishahara peke yake inazimaliza kabla mwezi wa kumi na tano haujatimia. Bado miezi mitatu na siku kadhaa, muziki haujalipwa, na watu elfu kadhaa wanauliza gemu iko wapi.

Kodi sijaiweka kwa sababu kila nchi ina yake. Muulize mhasibu kabla ya kampeni. Katika nchi nyingi pesa za wachangiaji huhesabiwa kama mapato, na zikiingia Desemba matumizi yakaanza Januari unaweza kulipia kodi pesa ambayo hujaigusa.

Kama 307,500 inakutisha, punguza gemu. Usipunguze hesabu. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2, futa mji mmoja, futa msimu mmoja wa mwaka, kisha piga upya.

Na usidhani kampeni ya pili lazima ipate zaidi ya ya kwanza. Divinity: Original Sin ilipata takriban dola 944,000 mwaka 2013, na ya pili ikapita milioni 2 mwaka 2015. Kwa The Banner Saga ilikuwa kinyume: ya kwanza ilipata zaidi ya dola 720,000 mwaka 2012, ya tatu takriban 417,000 mwaka 2017. Kwa kuwa kwa ya tatu walikuwa wameomba 200,000 tu, hawakuumia. Wangeomba kwa kuangalia matokeo ya mwaka 2012 wangetoka mikono mitupu.

Hatua ya 5: Chagua jukwaa

Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, hutumia kanuni ya yote au hapana: usipofika lengo, hakuna anayekatwa hata senti. Indiegogo, iliyoanza mwaka 2008, imekuwa pia na chaguo la kubaki na kiasi ulichopata hata kama hukufika. Chaguo hilo la pili linavutia, ila kwa gemu ni mtego. Ukipata asilimia 30 ya pesa bado unadaiwa asilimia 100 ya gemu. Nenda na yote au hapana.

Utasoma sehemu nyingi kuhusu Fig, jukwaa lililoruhusu wachezaji kuwekeza na kugawana mapato. Wasteland 3, Psychonauts 2 na Pillars of Eternity II zote zilipita huko. Fig ilinunuliwa na kampuni ya Republic mwaka 2020, kwa hiyo maelekezo ya zamani yanayokutuma huko yaache.

Hatua ya 6: Panga zawadi

Ngazi tano au sita zinatosha. Ya chini iwe nakala ya gemu kwa bei pungufu kidogo kuliko ya dukani. Inayofuata iongeze gemu ya kwanza, kwa ajili ya wageni. Kisha muziki na kitabu cha michoro, vyote vya kidijitali. Juu ya hapo, nafasi ya kujaribu gemu mapema.

Fulana, sanamu na mabango viepuke, au uvitoe kwa idadi ndogo na posta ikiwa imehesabiwa kwa kila nchi. Mimi niliwahi kuchangia gemu moja ambayo fulana yake ilinifikia miaka miwili baada ya gemu, tena saizi si yangu. Sikukasirika, lakini niliwahurumia: kuna mtu pale studio alikuwa bado anafunga vifurushi wakati alitakiwa kurekebisha hitilafu.

Zawadi zinazoingiza wachangiaji ndani ya dunia ya gemu ziangalie kwa jicho kali zaidi. Pillars of Eternity iliwaruhusu baadhi ya wachangiaji kuandika wahusika na maandishi ya makaburi. Wahusika hao walisimama mitaani wakiwa na majina ya rangi ya dhahabu, kila mmoja na hadithi yake ndefu isiyohusiana na kinachoendelea. Wachezaji wengi waliwasoma wawili watatu, wakachoka, wakajifunza kuwapita. Hapo umeuza kipande cha mandhari yako. Ukitaka kutoa zawadi ya aina hii, weka mipaka kwenye maelezo yenyewe: jina lazima lifanane na majina ya dunia hiyo, maneno yasizidi idadi fulani, na wewe una haki ya kuhariri.

Hatua ya 7: Malengo ya ziada, kwa mkono mzito

Lengo la ziada ni ahadi ya kitu kingine pesa zikivuka kiasi fulani. Mtu huandika ahadi hizi usiku wa manane, kampeni ikiwa imechanganya, akiwa na furaha. Usiandike chochote usiku huo.

Mfano ninaoupenda ni Hollow Knight. Kampeni yake ya mwaka 2014 ilikusanya dola za Australia 57,000 na kitu. Moja ya malengo ya ziada yaliyofikiwa lilikuwa mhusika wa pili wa kuchezeka, Hornet. Sentensi moja kwenye ukurasa. Kazi ilipoanza, Hornet alionekana anaruka na kukimbia tofauti kabisa, ramani zilizopo hazimtoshi, na kidogo kidogo akajengewa ufalme wake, Pharloom, mbali na Hallownest ya gemu ya kwanza. Februari 2019 ikatangazwa kuwa gemu kamili, Silksong. Ilitoka tarehe 4 Septemba 2025. Waliochangia walikuwa wameahidiwa kuipata bure, kama sehemu ya deni lile la zamani. Watengenezaji wake, Team Cherry, waliweza kuvumilia kwa sababu Hollow Knight ilikuwa imeuza mamilioni ya nakala. Wewe ungevumilia?

Malengo ya ziada yanayofaa ni yale yasiyogusa muundo: lugha ya ziada, wanamuziki zaidi, miezi miwili ya kung'arisha. Yasiyofaa ni mashine za ziada za kuchezea gemu na aina mpya za uchezaji. Mighty No. 9 ilikusanya takriban dola milioni 3.8 mwaka 2013 ikaahidi kutoka karibu kwenye kila mashine iliyokuwepo. Iliahirishwa mara kadhaa, ikatoka Juni 2016 ikiwa imechoka, na matoleo ya mashine za mkononi za 3DS na Vita hayakuonekana.

Hatua ya 8: Andika ukurasa, kata trela

Trela isizidi dakika tatu, na sekunde kumi za kwanza ziwe gemu inachezwa. Nembo na historia ya maisha yako vije baadaye. Kwenye maandishi, aya ya kwanza ijibu maswali matatu: ni gemu ya aina gani, inatokea wapi safari hii, na mtu ambaye hakucheza ya kwanza anaweza kuanzia hapa au la. Hilo la tatu husahaulika kila mara, na ndilo mgeni analolitafuta.

Weka chati ya matumizi ya pesa, tarehe ya kutoka (chukua unayoiamini, ongeza miezi sita), na aya inayotaja hatari waziwazi.

Hatua ya 9: Endesha kampeni siku 30

Kickstarter inaruhusu hadi siku 60. Usizitumie. Kampeni huwa na mwanzo wa haraka, katikati iliyolala, na mwisho wa haraka. Ukiongeza siku unarefusha usingizi tu.

Siku ya kwanza tuma barua pepe kwa orodha nzima, ndani ya saa moja. Katikati, peleka habari mara mbili kwa wiki, kila moja na kitu cha kuona: chumba kipya, mnyama, dakika moja ya muziki. Habari kuhusu mandhari huenda mbali kuliko habari kuhusu asilimia. Saa 48 za mwisho Kickstarter huwakumbusha waliouwekea mradi alama, kwa hiyo hakikisha ukurasa umesafishwa na kipande cha kuchezeka kinapakulika bila shida.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga

Pesa haziingii siku hiyo. Kwa Kickstarter tegemea kama wiki mbili. Zikifika, kwanza tenga akiba ya dharura na gharama za zawadi kwenye akaunti nyingine, kisha lala siku mbili. Baada ya hapo peleka habari mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile, hata kama cha kusema ni kwamba mwezi huu wote ulikwenda kwenye mlango usiofunguka.

Ukikwama

*Siku ya kumi, uko asilimia 20.* Hesabu wachangiaji kabla ya dola. Kama wengi waliocheza gemu ya kwanza wameshakuja na bado hutoshi, gemu ni kubwa kuliko umati wako. Futa kampeni mwenyewe, waeleze waliokuja, punguza gemu, rudi baada ya miezi michache. Hakuna aliyekatwa pesa, na orodha yako sasa ni ndefu kuliko mwanzo.

*Wachezaji wa zamani wanachukia mandhari mpya.* Usibishane. Waonyeshe video ya dakika moja ya vile vilivyo kwenye safu ya "kinabaki". Mara nyingi hofu yao haihusu theluji. Wanahofia kwamba mapigano waliyoyapenda yamekwenda.

*Katikati ya kazi gemu imeanza kuwa gemu nyingine.* Simama. Studio ya Nightdive, iliyochangisha pesa za kuijenga upya System Shock mwaka 2016, ilitangaza mapema 2018 kwamba inasimamisha kazi kwa kuwa mradi ulikuwa umeacha njia iliyoahidiwa. Wakarudi kwenye ahadi, na gemu ikatoka Mei 2023. Kusimama kuliwagharimu miaka, lakini gemu ilifika.

*Pesa zinakwisha na gemu iko nusu.* Sema ukiwa bado na miezi minne ya mishahara, usingoje wiki ya mwisho. Broken Age iliomba dola 400,000 mwaka 2012, ikapata zaidi ya milioni 3.3, na bado ikapungukiwa kwa sababu gemu ilikua pamoja na pesa. Waliigawa: sehemu ya kwanza ikatoka Januari 2014, ya pili Aprili 2015. Walilaumiwa, ila wachangiaji walipata gemu nzima.

*Duka moja linakupa pesa nono ili usiuze kwingine.* Angalia kwanza uliwaahidi nini wachangiaji. Shenmue III ilipotangazwa mwaka 2019 kuwa toleo la kompyuta litakuwa la duka la Epic peke yake, waliotarajia duka la Steam waliwaka moto, na ikabidi wanaotaka warudishiwe pesa zao. Kama unakubali dili, gharama ya kurudisha pesa iwe imo ndani ya dili kabla hujatia saini.

*Mashine uliyoahidi imepitwa na wakati.* Gemu za Bloodstained na Yooka-Laylee zote ziliahidi kutoka kwenye mashine ya Wii U, na zote zikahamia mashine mpya zaidi, Switch. Waandikie waliochagua mashine hiyo, wape uchaguzi wa mashine nyingine, na ukubali kwamba wachache watadai pesa zao.

*Huwezi kumaliza kabisa.* Masharti ya Kickstarter yanakutaka uwaeleze wachangiaji kilichofanyika, uonyeshe pesa zilivyotumika, na urudishe zilizobaki. Ndiyo maana daftari limetajwa mwanzoni. Toa kila kinachochezeka hata kama hakijakamilika, pakia muziki na michoro, andika nani amelipwa nini, kisha anza kurudisha kilichobaki kwa wachangiaji kulingana na walichotoa. Ukurasa uache wazi na uendelee kujibu ujumbe mpaka wa mwisho awe amepata jibu.